Mwalimu wa Ramani na Milango ya Koboko

Watu wanaomsifu leo ndio waliomtoa kwenye kamati. Nawajua mmoja mmoja, na wao wananijua. Siku hizi wakikaa hotelini mjini Koboko na soda zao wanasema, "Ah, yule mzee alikuwa mutu ya maana sana," kwa sauti ya watu waliotoka mazikoni. Mtu mwenyewe hajafa. Anakaa Oli, pembeni mwa mji wa Arua, kwa binti yake. Anakula, anagomba, na redio ikisema upuuzi anaizima kwa ncha ya fimbo. Nimeamua kuandika habari zake kabla hawajamfanya mtakatifu, maana si mtakatifu, na sitaki wamfukie chini ya sifa.

Na ni haki yangu kuandika. Nilitoka Koboko na kaptula moja, nikabeba matofali Ariwara upande wa Kongo, nikachanganya zege Juba, nikasoma jioni Kampala huku mchana nikilinda geti la watu, nikapata diploma ya ujenzi, nikarudi nyumbani na gari langu mwenyewe. Nyumba yangu ina vigae mpaka jikoni. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Ni mtu mmoja tu ambaye hajawahi kushangazwa na mambo hayo, naye ndiye huyu. Tulimwita Mwalimu wa Ramani, kwa sababu alifundisha kuchora majengo katika shule ndogo ya ufundi, na jina likamganda hata alipostaafu. Siku niliyompelekea diploma aione, aliigeuza, akaona nyuma ni tupu, akasema, "Karatasi nzuri. Upande hii bado unaweza kuchora kitu."

Darasani alikuwa na mchezo mmoja, na wote tuliopita mikononi mwake tunaukumbuka kwa uchungu. Ukimaliza kuchora nyumba yako, anakuja, anaweka kidole gumba nje ya ukuta wa mbele.

"Huyu ni mimi," anasema. "Mvua inanyesha. Mimi si ndugu yako, si mpangaji yako. Nasimama wapi?"

Kama mchoro wako hauna pa kumsimamisha, unapata sifuri. Mara moja nilichora jumba la vyumba sita, na sebule mbili, na ngazi ya kuzunguka. Darasa zima lilikuja kulitazama. Yeye akaweka kidole chake. "Nyumba kubwa namna hii," akasema, "na mimi nalowa." Sifuri. Nilimchukia muhula mzima.

Nyumba yake mwenyewe huko Midia ilikuwa aibu. Jiko liliegemea gogo tangu nikiwa mwanafunzi, na gogo lenyewe likaota majani likawa mti. Ukimwuliza, anajibu kwamba jiko halijalalamika. Lakini asikuone wewe unajenga! Alikuwa akichelewa kila mkutano kwa sababu alisimama njiani kwa kila mtu mwenye mwiko na matofali. Mafundi wakiona kofia yake nyeupe inakuja walijificha nyuma ya ukuta wao wenyewe, naye alijua, akazunguka. Alikosana na imamu wake kuhusu ngazi za msikiti, zilizokuwa ndefu mno kwa vikongwe. Alikosana na katekista wa Kuluba kuhusu mlango wa kanisa uliofunguka ukawagonga wabeba jeneza. Wakristo wale wa Kuluba walimtukana, wakasema Mwislamu anataka nini na mlango wa kanisa, halafu wakaugeuza mlango, na kila Krismasi wakamletea nyama. Kazi ikimridhisha kabisa, alisema neno moja: "Haijaanguka." Nimejenga Juba, Arua na Yumbe, na nimesifiwa na watu wenye vyeo, lakini neno hilo nimelipata mara moja tu, kwa choo cha shule.

Alikuwa mbishi, mchoyo wa shukrani, na mlafi wa sukari. Angeweza kukaa siku nzima asiseme jambo jema juu ya mtu yeyote. Nayasema haya ili ieleweke kwamba simtetei kwa sababu alikuwa mpole.

Sasa nije kwenye tetemeko.

Asubuhi ile mimi nilikuwa Arua, na chai yangu ilimwagika kwenye sahani, basi. Koboko ndiko ardhi ilikoshika watu. Katikati ya mji kulikuwa na mtaa wa zamani wa maduka, uliojengwa na Wahindi kabla sijazaliwa: kuta nene za tofali bichi, kila duka likishirikiana ukuta na jirani yake, na mbele yake baraza moja refu, lenye nguzo na paa la bati, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Ndani ya maduka walikaa wenye maduka. Kwenye baraza walikaa wengine: washona nguo na cherehani zao, wauza vitenge, fundi viatu, mama wa samaki wakavu. Wale wa nje walikuwa wengi kuliko wa ndani, na mteja wa Koboko alianza kwao kabla hajavuka kizingiti.

Kuta zilipasuka. Baadhi ziliangukia ndani. Mwalimu wa Ramani alifika kutoka Midia kwa miguu, na badala ya kuwapa watu pole alianza kuwafukuza kwa fimbo. Wenye maduka walikuwa wamerudi kuokoa sukari na mabati yao.

"Toka!" aliwafokea. "Toka, wewe na sukari yako!"

"Mzee, hii mali ni ya nani? Ya baba yako?"

"Ukuta pia si ya baba yangu, lakini itakuua."

Walimtukana mpaka wakachoka, wakatoka. Mchana ardhi ilitikisika tena na ukuta wa nyuma ukalala wote juu ya sukari ile. Hakuna aliyekuwa chini yake. Hakuna aliyemshukuru pia, na nadhani yeye hakutegemea.

Kamati ya kujenga upya mtaa wa zamani iliundwa. Yeye akawa mwenyekiti kwa sababu alikuwa na umri, na mimi nikawa mshauri wa ufundi kwa sababu nilikuwa na diploma. Nilipima kila ufa. Nilisema wazi kwamba nguzo za baraza zilikuwa nzima na paa lingeweza kunyanyuliwa, na nasema hivyo mpaka leo. Lakini ofisi ya mji ilikuwa imeleta wataalamu kutoka Kampala kuandaa mpango, na wataalamu wakaja na kanuni yao: watahesabu milango. Kila mlango ni biashara moja. Mwenye mlango atapewa kibanda cha muda, na jengo jipya likisimama atapewa nafasi ndani yake. Asiye na mlango hayumo.

Jioni ile walikuja kwa Mwalimu watu wa baraza, na mbele yao alikuwa Hajati, mwanamke mnene wa cherehani ambaye alinishonea sare ya kwanza ya shule. Mumewe alikuwa askari, na hakurudi kutoka vitani. Mashine ile ililea watoto wake wote.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekaa pale mpaka nguzo inajua mgongo yangu. Sasa wanasema lazima mlango. Mlango yangu iko wapi?"

Mwalimu alikoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Nyumbani huna mlango?"

"Iko. Ya jikoni."

"Basi lete."

Nilidhani anatania. Nilimwambia, "Mwalimu, mlango bila ukuta ni kituko. Watatucheka."

"Wacha wacheke. Wametaka milango. Nani amewaambia wataje ukuta?"

Nani angeamini? Mtu aliyegombana na kanisa zima kwa sababu ya mlango uliofunguka upande usiofaa! Siku iliyofuata baraza zima la mtaa wa zamani lilijaa milango iliyosimama peke yake. Kulikuwa na milango ya jikoni yenye masizi. Kulikuwa na mlango wa choo wenye tundu la kuchungulia. Fundi viatu alileta mlango wa kabati lenye kioo, na mama wa samaki alileta mlango wa gari bovu la shemeji yake, na dirisha lake likapanda na kushuka. Mwalimu hakukubali hata mmoja uegemezwe tu. Kila mlango ulipata fremu yake, umefungwa kwenye nguzo au umechimbiwa ardhini, una bawaba, unafunguka na kufunga. Alipita na timazi yake, akipima kama yuko kwenye ujenzi wa ikulu. "Mlango haifungi, hiyo ni ubao," aliwaambia. "Mimi sitadanganya mutu na ubao."

Mkubwa wa wataalamu alipofika na watu wake alisimama katikati ya barabara. Alikuwa kijana mwenye viatu vizuri. Alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akasogea kwenye cherehani ya Hajati kwa kupita pembeni ya mlango wake, maana pembeni palikuwa wazi kabisa.

"We!" Hajati akaruka. "Kwenu hamna adabu? Piga hodi kwanza!"

Kijana yule alitutazama. Mwalimu hakumsaidia. Basi akarudi nyuma, akapiga hodi kwenye mlango wa jikoni uliosimama hewani.

"Karibu, mwanangu," Hajati akasema, akamfungulia.

Na kila mlango baada ya huo alipiga hodi. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akaulizwa hali ya mama yake. Mwisho wa mtaa alikuwa anatabasamu kama mgeni wa harusi, na alituambia kwamba ameelewa. Alisema hivyo mbele yangu: "Nimeelewa." Alipiga picha, akaondoka.

Mpango ulisomwa Arua, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na maji ya chupa, mbele ya wenye maduka, wakubwa wa ofisi ya mji na kamati yetu. Mtaa wa zamani ungevunjwa wote, kuta na nguzo. Jengo la ghorofa lingekuja, na mbele yake, pale lilipokuwa baraza, maegesho ya magari. Magari! Nilihesabu kichwani watu wa Koboko wenye magari ya kuegesha nikajikuta nimejitaja mwenyewe kwanza.

Kisha kijana yule akaonyesha picha za milango yetu ukutani. Alizionyesha kama kichekesho, ili ukumbi upumzike. Ule wa choo. Ule wa gari. Na ukumbi ukacheka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na sina mpango wa kuizika. Sikumkasirikia kijana, alilipwa kuja, na angelipwa kwenda. Niliwakasirikia waliocheka. Niliwatazama nyuso. Wote ni watoto wa vita. Wote, au baba zao, walivuka mpaka na vitanda kichwani, wakalala kwenye baraza la Mkongo Ariwara au la Msudani Yei, kwa miaka, na hakuna aliyewauliza mlango wao uko wapi. Waliporudi na mikono mitupu, walianza biashara kwenye baraza hilo hilo la mtaa wa zamani kabla hawajaingia ndani. Sasa wako ndani, na wanapiga mapaja wakicheka mlango wa jikoni wa mjane.

Mwalimu wa Ramani alisimama. Hakuomba nafasi ya kusema.

"Kijana yangu," akamwambia yule mtaalamu, "ulipiga hodi ama hukupiga?"

"Nilipiga, mzee. Ilikuwa..."

"Ulikaribishwa?"

"Ndiyo."

"Ulikaa kwenye kigoda?"

"Nilikaa."

"Sasa unasema hapakuwa na nyumba. Ulikaa wapi?"

Kijana aliangalia viatu vyake vizuri. Nami nasema, kama mkubwa mmoja tu pale ukumbini angekuwa na moyo, mpango ungerudishwa mezani dakika ile. Lakini mkubwa wa ofisi ya mji aliangalia saa yake akasema, "Mzee, asante, tumesikia. Keti, watu wana njaa." Na chakula kikaletwa. Walikula! Mwalimu hakula. Alitembea mpaka kituo cha teksi, na mimi nikamfuata na gari, naye akakataa kupanda, kwa sababu alisema kiti changu ni kilaini mno kwa mtu mwenye hasira.

Baada ya hapo kamati ilipangwa upya ili "kuwapa vijana nafasi". Mwenyekiti mpya hakuwa kijana. Hajati na wenzake waliambiwa wauzie kando ya barabara ya kwenda mpakani, kwenye vumbi la malori, na mvua ya kwanza iliharibu vitambaa vya wateja. Mwalimu akaumwa kifua, na binti yake akamchukua Oli.

Sasa nifike kwenye siku nilipomwendea huko Oli, maana bila hiyo mtaondoka na picha ya mzee mwema aliyeonewa, na hiyo ni picha ya uongo.

Kampuni iliyopewa jengo ilitafuta mjenzi wa hapa wa kusimamia kazi nzima ya upande wa mbele. Walinijia mimi. Wangemwendea nani mwingine? Mkubwa wao aliniita hotelini, mbele ya watu, akanitandazia ramani. Nilisimama. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Mimi nimefundishwa na Mwalimu wa Ramani. Sijengi nyumba ya kulowesha watu. Tafuta mwingine." Nikamwachia chai yake. Watu walipiga makofi. Mhudumu alikataa kupokea hela ya soda yangu. Nakiri ilikuwa siku tamu, na niliendesha mpaka Oli nikiimba.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, shuka mabegani, anachambua karanga. Amekonda. Nilimsimulia yote, na nilisimulia vizuri; sauti ya mkubwa wa kampuni niliiigiza, na makofi pia. Nikangoja.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Sasa nani atajenga?"

"Watatafuta mtu."

"Mutu ya wapi?"

"Sijui. Wa mbali labda."

"Huyo mutu ya mbali anamjua Hajati?"

"Mwalimu, Hajati hayumo kwenye ramani! Nijenge mimi au ajenge shetani, ramani ni ile ile!"

"Ramani ni ile ile." Alitupa maganda. "Mimi nilikufundisha hivyo? Wewe iko pale kila siku, na mafundi wako, na mkubwa wao anakuja anakuuliza, hapa namna gani, hapa namna gani. Kila siku anakuuliza. Huwezi kumchosha? Huwezi kumwambia jua itaunguza bidhaa ya watu wa ndani kama hakuna paa mbele? Huwezi kugombana naye mwaka mzima, wewe, mutu ya kelele kama wewe? Nani atagombana naye sasa?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha kukataa kazi mbaya!"

"Kazi mbaya, ndiyo. Wewe umekataa watu. Umekataa wakakupigia makofi. Hajati amepata nini katika hayo makofi?"

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Nilimwambia kwamba nimejenga maisha yangu bila kuinama kwa mtu, kwamba ameharibu kamati kwa kiburi chake cha milango, kwamba amezeeka. Naye alinijibu kwa maneno ya askari wa zamani, ambayo nayo hayaandikiki. Binti yake alitoka jikoni na mwiko mkononi akatuambia kama tunataka kuuana twende mtoni, majirani wana mtoto mgonjwa.

Mwalimu alikohoa, akakohoa sana. Binti akampa maji. Aliponyanyua uso macho yalikuwa mekundu, sijui ni kikohozi au ni nini.

"Wameshapata mutu ingine?"

"Bado. Nadhani bado."

"Basi kesho nenda. Uombe kazi."

"Niombe? Mimi? Mbele ya watu wale wale?"

"Mbele ya wale wale."

"Mwalimu, mimi nina diploma."

"Najua. Niliiona. Haina magoti?"

Binti yake alicheka, na mimi nikaondoka bila kuaga.

Sijasema alikuwa sahihi. Mpaka leo nikiwa njiani nabishana naye peke yangu, na mara nyingi namshinda. Anataka mtu ajenge ubaya kwa mikono yake ili aupunguze ubaya kwa mdomo wake, na nani ameona hilo likifanikiwa? Tena yeye, aliyeshindwa kukaa kwenye gari langu kwa sababu ya kiti! Usiku ule nilimshinda kabisa, hoja kwa hoja, na sikupata usingizi.

Asubuhi nilivaa shati safi, nikaendesha kwenda Koboko, nikapita kando ya barabara ya malori. Hajati alikuwa ameshatandika turubai, anapangusa vumbi kwenye cherehani. Alinipungia mkono na kupiga kigelegele. Habari za hotelini zilikuwa zimemfikia. Sikusimama.

Kwenye ofisi ya kampuni walinikalisha kwenye benchi nje, wakaniacha. Walikuwa wanafanya makusudi, na kila aliyepita alinitambua, na wawili walicheka waziwazi. Nilikaa na hasira zangu zote, kwa watu hao, kwa ukumbi wa Arua, kwa mzee yule wa Oli na karanga zake. Hatimaye karani alitoka akaniuliza, kana kwamba hanijui, nimekuja kutaka nini.

Nikasimama.

"Kazi," nikasema.